Ukipata Nafasi, Nifungulie

Baba yangu alizaliwa Tunduru, akasomea ualimu, akapangiwa shule ya msingi huko Ruponda akiwa kijana asiye na hata godoro. Alioa hukohuko, na hakuihama tena wilaya ya Nachingwea mpaka tulipomzika. Kiyao chake kilimsaidia kukielewa Kimwera haraka, lakini hakikumsaidia kukisema bila kuchekwa. Wakwe zake, watu wa Chinongwe upande wa Ruangwa, walimsikiliza kwa adabu akiwa mbele yao. Akitoka nje tu, wanashikana mabega kwa kicheko. Yeye alijua. Aligeuka mlangoni na kuwaambia, kwa Kimwera kilekile kibovu, kwamba amewasikia.

Naanza na yeye kwa sababu haya ninayoyaeleza ni yake kuliko yangu, ingawa yanahusu kazi yangu.

Mimi huandika programu. Si zile za kwenye kioo ambazo mtu anazibonyeza, bali ile sehemu ya chini kabisa ambayo hakuna anayeiona: kiini cha mfumo, kinachosimama kati ya vyuma vya simu au kompyuta na programu nyingine zote. Nilianza kazi hiyo Dar es Salaam. Mama aliposhikwa na presha nikarudi nyumbani Nachingwea mjini, walikokuwa wamejenga baada ya baba kustaafu, na kwa kuwa waajiri wangu wako nje ya nchi na hawajali nimekaa wapi ilimradi kazi inafika, nikabaki. Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya ufuta. Mtaani walijua tu kwamba nafanya mambo ya kompyuta, kwa hiyo waliniletea printa zilizokwama na spika za msikiti zinazokoroma.

Baba alikuwa na maelezo yake mafupi. "Binti yangu anatengeneza makufuli ya simu." Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha, halafu nikaacha, maana hakukosea sana.

Makufuli hayo niliyapenda kwa sababu ya dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa. Msimu fulani wa korosho, siku ya mnada, alichomolewa simu kwenye mkoba. Simu ilikuwa na namba ya siri, lakini mwizi alimpata mtu aliyejua kuizunguka, na haukupita muda picha alizojipiga kwa ajili ya mume wake peke yake zikawa kwenye simu za watu sokoni. Hakuna aliyemwambia neno usoni. Walinyamaza tu anapopita. Alihamia Masasi kabla mvua hazijaanza, na mpaka leo akija msibani hukaa pembeni amejitanda khanga na huondoka kabla chakula hakijaiva.

Baba ilimuuma sana. Alikuwa amemfundisha kusoma yule mtoto. Tulikuwa tumekaa barazani aliponigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyezisambaza picha zile.

"Hivi ninyi mliosoma mmeshindwa kutengeneza simu ambayo ikiibwa inakuwa jiwe?"

"Inawezekana, baba. Ni kazi, lakini inawezekana."

"Basi ifanyeni."

Nieleze kwa ufupi inavyowezekana, maana yote yaliyofuata yanategemea hapo. Chochote kinachohifadhiwa kwenye simu ya siku hizi, picha, sauti, ujumbe, huvurugwa kwanza kwa hesabu, na hesabu hiyo huongozwa na namba ndefu mno ambayo tunaiita ufunguo. Asiye na namba hiyo anaona takataka tu. Zamani ufunguo ulikaa mikononi mwa kiini cha mfumo, ndani ya kumbukumbu ya kawaida, na mwizi mwenye ujuzi akifaulu kukivamia kiini aliondoka nao. Siku hizi kuna njia nyingine. Ufunguo huzaliwa ndani ya chipu yenyewe, mahali ambapo hakuna programu inayoweza kuchungulia. Chipu hukipa kiini ufunguo huo ukiwa kifurushi kilichofungwa kwa ufunguo mwingine, ambao haujawahi kutoka na hautatoka. Kiini hukibeba kifurushi hicho, hukitunza, hukirudisha kwa chipu kila kinapohitajika, lakini hakijui kilichomo. Ukikichukua ukakipeleka kwenye chipu nyingine ya aina ileile, iliyotoka kiwanda kilekile, nayo haitakitambua.

Sehemu yangu katika hayo ilikuwa ndogo. Niliandika namna kiini kinavyokipokea kifurushi, kinavyohakikisha hakichanganywi na ufunguo mtupu wa mtindo wa zamani, na kinavyofuta mabaki yote kwenye kumbukumbu kifaa kinapofungwa. Ukisahau kufuta mahali pamoja tu, jasho la wote waliotengeneza chipu limekwenda bure. Ndiyo maana kazi ya namna hii haipiti bila kusomwa na wengine. Mkaguzi wetu alikuwa mzee wa nchi za baridi ambaye sijawahi kumwona sura. Tulikuwa tunaandikiana tu. Alinirudishia kazi kila mara, na mimi nikawa namlalamikia mezani, mpaka mama akaanza kuniuliza, "Mkweo leo amesemaje?"

Katika toleo moja nilikuwa nimeacha kijia cha majaribio. Ukikiwasha, chipu ilikupa ufunguo mtupu, ili sisi waandishi tuone kama hesabu zinalingana. Nilikuwa nimeandika wazi juu yake kwamba ni cha majaribio na kisitumike kwingine. Mzee akaandika swali moja chini yake: mtu mbaya akikikuta, kitamuuliza yeye ni nani?

Nilikifuta asubuhi ileile, nikatafuta namna nyingine ya kupima. Kazi ikapita. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba wakati wa chakula cha mchana nilimweleza baba, nikajitahidi kutafuta maneno ya Kiswahili ya kila kitu, na yeye akasikiliza huku akimenya ming'oko, vile viazi vya porini.

"Kwa hiyo sasa hata wewe mwenyewe huwezi kuingia?"

"Hata mimi."

"Safi," akasema. "Hilo ndilo kufuli."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani. Sijui kama siku ile alielewa, au alifurahi kwa kuwa mimi nilikuwa nimefurahi.

Vifaa vyenye kazi yetu vilipofika madukani nilimnunulia kishikwambi kimoja. Neno lenyewe lilimchekesha. Alisema yeye amefundisha Kiswahili maisha yake yote na hakuwahi kulikuta. Nilimwambia kwa majivuno kwamba ndani yake mna mistari niliyoiandika mimi. Akakigeuza huku na huku, kana kwamba mistari ile ingeonekana kwa nyuma.

Nilidhani atasomea magazeti. Badala yake alianza kurekodi watu. Alikwenda Chinongwe kwa wakwe zake, akarudi Ruponda kwa majirani wa zamani, mara moja alifika hadi Mnero kwa mwalimu mwenzake, na kokote alikokwenda alikitega kishikwambi juu ya kinu au kiti na kuwaacha watu waseme. Hakutafuta mambo makubwa. Aliuliza majina ya miti, namna ya kumtega nguruwe anayekula mihogo, nani aligombana na nani juu ya mpaka wa mikorosho na kwa nini. Watu walizungumza Kimwera, na yeye akachomekea maswali yake ya lafudhi ya Kiyao, na kicheko kikawa kinasikika kila mahali.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Chinongwe, jirani wa wakwe, ambaye kipaji chake kilikuwa kuigiza. Aliwaigiza ndege. Alimwigiza bwana shamba aliyekuja miaka ya nyuma na maneno yake ya kitaalamu. Zaidi ya yote alimwigiza mke wake: anavyoita kuku, anavyolalamikia chumvi, anavyojifanya hasikii anapoitwa. Mke mwenyewe alikuwa amekaa palepale akichambua mboga, na kwenye video unamwona anainua uso mara moja, anamtazama, anarudi kwenye mboga zake. Baba alinionyesha kipande hicho hadi nikakikariri. Nikikumbuka sasa naona picha, lakini sauti ya mzee yule siwezi kuirudisha. Nilikuwa natazama huku nafikiria kazi yangu.

Nilikuwa nimempangia baba kishikwambi kitume nakala za kila kitu mtandaoni. Aliuzima mpango huo bila kuniambia, kwa sababu ulikuwa unamaliza bando lake, na kule Chinongwe mtandao wenyewe unaupata ukisimama juu ya kichuguu. Nilikuja kujua baadaye. Sikumlaumu, na hata sasa simlaumu.

Radi ilipiga alasiri moja ya masika. Mama alikuwa anaanua nguo, mimi nilikuwa stoo. Ilipiga nguzo ya umeme jirani na kwetu, na nyumba nzima ikanuka plastiki. Televisheni iliungua, king'amuzi kikaungua, na kishikwambi cha baba kilichokuwa kinachaji dirishani kikaungua. Kompyuta yangu ilipona kwa sababu siku ile nilikuwa natumia betri. Baba alikuja mlangoni akiwa amekifunga kile kifaa ndani ya khanga ya mama, kama kitu kinachosikia baridi, akakiweka juu ya meza yangu.

"Kimezimika," akasema. "Kiwashe."

Ruangwa mjini kuna fundi wa simu ninayemheshimu, mwanamume wa makamo aliyefanya kazi Kariakoo miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Tulimwendea mimi na baba. Alikifungua kishikwambi, akakiweka chini ya hadubini yake, akakikagua. Kisha akamwelekea baba, si mimi.

"Mwalimu, njia zote za umeme zimeungua. Lakini kumbukumbu hii hapa ni nzima. Haina hata alama."

"Kwa hiyo watu wangu wamo?"

"Wamo. Nikiing'oa hii nikaiweka kwenye kifaa kingine cha aina hii..." Aliponiona natikisa kichwa akasita. "Zile za zamani tulikuwa tunafanya hivyo na zinakubali."

"Hii haitakubali," nikasema. "Itasomeka, lakini itasomeka vurugu tupu. Ufunguo haukai kwenye kumbukumbu. Uko kwenye prosesa, ile chipu kuu."

Fundi akafikiri kidogo. "Basi tuifufue prosesa yenyewe, hapohapo ilipo. Nikibadilisha hizi za umeme, ikiamka kwa dakika chache tu, tunavuta kila kitu."

Alikuwa sahihi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja nikiwa na tumaini hilo bila kulitamka. Tulimwacha afanye kazi, tukaenda kunywa chai mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Baba alichangamka. Alinisimulia yaliyomo ndani kana kwamba tayari yamepatikana, akamwigiza mzee wa Chinongwe anavyomwigiza bwana shamba, akaigiza vibaya sana, na mhudumu akasimama na birika mkononi akitabasamu. Sikumbuki siku nyingine niliyokaa na baba mezani muda mrefu hivyo bila kuangalia simu.

Tuliporudi fundi alikuwa amevua miwani.

"Nimebadilisha. Umeme unapita vizuri mpaka hapa," akagusa kwa ncha ya kibano. "Ukifika hapa inachemka. Imekufa yenyewe, dada. Si vinavyoizunguka."

Niliinama kwenye hadubini. Pembeni mwa prosesa palikuwa na kitobo cheusi, kidogo kuliko punje ya ufuta. Nilikuwa nimesoma michoro ya chipu ile mpaka naijua kama vyumba vya nyumba yetu. Nilijua kwamba ufunguo ulikuwa unakaa karibu na pale, na nilijua kwamba hata kama ungekuwa umebaki mzima, bado hakuna mlango wa kuufikia. Tulihakikisha usiwepo. Nilibaki nimeinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kuinua uso.

Baba alimshukuru fundi, akakifunga kifaa kwenye khanga. Tulipotoka akasema, kwa utulivu kabisa, "Haya. Yeye amemaliza sehemu yake. Sasa wewe endelea."

Nikamwambia palepale, tukiwa tumesimama kivulini mwa duka la mbolea tukisubiri gari la kurudi Nachingwea, kwamba hakuna cha kuendelea.

"Fundi kufuli yeyote hubaki na ufunguo wa akiba," akasema.

"Huu hauna wa akiba, baba. Ndiyo sababu tuliutengeneza hivi."

"Lakini wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika namna ya kuubeba. Sikuwahi kuuona. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuuona."

Akanitazama kama alivyokuwa akitazama mwanafunzi aliyeleta jibu la ajabu. "Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, mnajuaje kwamba kipo?"

Nikacheka. Naye akacheka. Nilidhani tumeelewana. Kisha akanipiga bega kwa upole, akasema, "Sawa. Najua una kazi nyingi. Ukipata nafasi, nifungulie."

Tangu siku ile hilo likawa neno lake. Hakulisema kwa kunisukuma. Angenisukuma ingekuwa afadhali. Alikihifadhi kishikwambi kabatini, pamoja na vyeti vyake na shuka aliyotaka kuzikwa nayo. Mgeni akija kuuliza habari za rekodi, aliambiwa binti anazo funguo, anasubiri nafasi. Mara nyingine nilikuwa stoo nimezama kazini, nikasikia kandambili zake zinakuja, zinasimama mlangoni, halafu zinarudi taratibu. Siku moja nilimsikia anamwambia jirani barazani, "Msimsumbue, ana kazi za watu. Za kwetu zitafuata."

Nilitoka siku ile nikaeleza tena. Nilieleza mbele ya jirani, kwa sauti, pengine kwa ukali kidogo. Baba aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Nilipomaliza akamwambia jirani, "Unaona? Ni jambo linalotaka muda." Kila nilipoeleza, yeye alisikia udhuru. Alikuwa mwalimu, alikuwa amesikia nyudhuru za kila aina, na ule wangu aliupokea kwa huruma kama alivyopokea za watoto aliowapenda.

Nikamwandikia yule mkaguzi mzee. Nilijua jibu lake kabla sijaandika, lakini nilitaka kusikia kwa mtu mwingine. Alijibu kwa upole ambao sikuuzoea kwake. Alisema pole, akasema kama ningefaulu kukifungua ingebidi tuwaandikie watu wote kwamba kazi yetu ni mbovu. Mwishoni akauliza: baba yako hawezi kurekodi tena?

Nikamnunulia baba kishikwambi kingine. Alishukuru, akakiweka juu ya kabati bila kukitoa kwenye boksi. "Ngoja kwanza kile kifunguke," akasema. Nikamwambia watu wanazeeka, aende sasa, mimi nitamsindikiza. Akasema kuanza upya ni kuwakosea waliokwisha kusema. Sikumwelewa wakati ule. Sasa nadhani aliona kwamba akianza upya atakuwa amekubali kwamba vile vya kwanza vimepotea, na hakuwa tayari, kwa sababu kichwani mwake vilikuwa havijapotea. Vilikuwa kwa binti yake.

Katikati ya hayo, yule mzee wa Chinongwe aliyejua kuigiza akafariki. Baba alikwenda kuzika. Siku hiyo hakuniambia neno lolote la nafasi.

Yeye mwenyewe alianguka wakati wa kuvuna ufuta, shambani, akiwa anaelekeza watu namna ya kusimamisha matita. Tulimpeleka hospitali. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa na maneno yalimtoka kwa shida. Nilikaa naye. Nilitaka kumwambia kwa mara ya mwisho, na nikaogopa kwamba atakachosikia ni udhuru mwingine. Yeye hakuzungumzia kishikwambi hata kidogo. Alizungumzia bati linalovuja upande wa jikoni, na akataka kujua kama mama amekula. Akafa alfajiri moja, wakati nimetoka kumletea uji.

Watu wengi walikuja msibani, wanafunzi wake wakiwa wameshaota mvi. Kabla matanga hayajaanuliwa alifika bibi mmoja kutoka Chinongwe, ameletwa na pikipiki, amejifunga khanga mbili mpya. Nilimtambua kwa uso wake, ule aliouinua mara moja kutoka kwenye mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole."

Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, akala kidogo, akaomba dua. Kisha akanisogelea. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. "Mwalimu alisema funguo unayo wewe," akasema, halafu akaendelea kwa Kimwera, na mama, ambaye alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta kwa sababu ya eda, akaitwa asogee atafsiri.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Hakutaka video zote. Alitaka ile sehemu ambayo mume wake anamwigiza yeye akiita kuku. Alisema wakati ule alikasirika na akajifanya hasikii, na sasa angependa kuisikia vizuri, mara moja tu, kisha hatatusumbua tena.

Nilimshika mkono. Na pale, bila kujiandaa, maneno yakanijia mepesi kuliko nilivyowahi kuyapata.

"Bibi, ule ufunguo ulizaliwa ndani ya kile kidude. Ukakaa humo siku zake zote, hakuna aliyeutoa. Radi ilipokiua, nao ukafa humohumo. Mimi sikuwahi kuwa nao. Nilichofanya ni kusaidia kujenga nyumba uliyokuwa ukiishi."

Mama akatafsiri. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema, na mara mbili nilisikia neno Mwalimu. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akanitazama kwa huruma ambayo sikuitegemea, akanipapasa kiganja, akasema pole tena, na akaomba aitiwe pikipiki yake.

Watu walipopungua nilimuuliza mama alimwambia nini.

"Nilimwambia ufunguo alikuwa nao Mwalimu," akasema. "Kwamba ameondoka nao."

"Mama! Si kweli."

"Najua si kweli."

"Baba hakuwahi kuwa nao. Alihangaika akiamini ninao mimi, na sasa wewe..."

"Sasa mimi nini?" Mama alikuwa amechoka, macho yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Baba yako aliwaambia Chinongwe nzima kwamba unao. Ningemwambia yule mama kwamba umekufa ndani ya dude, angerudi kwao akijua moja kati ya mambo mawili: kwamba umeshindwa, au kwamba umemnyima. Wewe utaendelea kwenda kule. Mwalimu hakuna atakayemgombeza sasa."

Nilitoka nikakaa stoo na mlango nimeufunga. Kilichoniuma si uongo wa mama. Ni kwamba yale maneno mepesi, ya ufunguo kuzaliwa na kufa humohumo, yalikuwapo muda wote, na nilimpa mgeni. Baba nilimpa prosesa na kumbukumbu na hesabu. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wakaguzi, nikitaka aone kwamba niko sahihi. Sikuwahi kumwambia kwamba kimekufa, ili tukilie pamoja. Labda asingekubali hata hivyo. Lakini angalau angejua kwamba binti yake hakuwa akimweka kwenye foleni nyuma ya kazi za watu.

Kazi yenyewe bado naifanya. Nimewahi kujiuliza kama ningekiacha kile kijia cha majaribio. Hapana. Nikimkumbuka dada yangu wa Masasi na ile khanga yake, najua ningekifuta tena. Huzuni yangu ingekuwa rahisi zaidi kama ningekuwa nimekosea.

Mama alipomaliza eda nilikitoa kile kishikwambi kipya kwenye boksi nikaenda Chinongwe. Bibi alikuwa uani akipukuchua njugu mawe. Nilimwomba anisimulie habari za mume wake, naye akakubali, nikakitega kifaa juu ya kinu. Alisimulia kidogo. Kisha bila kuombwa akajaribu kumwigiza mume wake anavyomwigiza yeye akiita kuku. Kuku halisi wakaja mbio. Akacheka mpaka akashindwa kupumua, akajipangusa macho kwa pindo la khanga, akajaribu tena, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo," akasema kwa Kiswahili. "Hakusema hivyo."

Akarudi kwenye njugu zake. Nilimsaidia kupukuchua mpaka jua lilipopungua ukali, na hatukuzungumza tena jambo hilo. Rekodi ile ni fupi. Nimeitunza katika nakala kadhaa, kwenye vyombo tofauti, vingine bila kufuli la aina yoyote. Ni sauti ya mwanamke akijaribu kumwigiza mwanamume aliyekuwa akimwigiza yeye, na kukosea.